Hesabu Moja kwa Simu Mbili

Kwa dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini u mzima huko ulikohamia, na lile jino limeacha kukusumbua. Sisi hatujambo, mama anatembea hadi getini na kurudi, na maneno yake kwa majirani yamerudi yote.

Nina habari, dada, na furaha imenijaa hadi kukaa kitini siwezi. Ile programu yetu ya kuwakumbusha wagonjwa dawa tumeiandika upya. Unajua simu zipo za aina mbili, kama yako na ya mama, na kila aina ina lugha yake. Kwa miaka miwili mimi niliandika ya aina yako, na mwenzangu tunayemwita Taratibu akaandika ya aina ya mama, kazi ileile mara mbili. Nikamwambia bosi huku ni kutwanga maji kwenye kinu. Akatupa wiki sita. Sasa hesabu zote za dawa zimeandikwa mara moja tu, na simu zote mbili zinazitumia. Kilichobaki tofauti ni sura ya nje. Jumanne tuliziweka mezani zikalia kwa pamoja, na Taratibu, ambaye furaha yake huwa ni kukohoa tu, alininyanyua juu juu.

Lakini ili kuunganisha, ilitubidi tusome kazi zetu mstari kwa mstari. Hapo ndipo nilipoliona kosa. Daktari akiandika kidonge kimezwe siku ya kwanza ya wiki, programu ya Taratibu ilihesabu Jumapili, kama tulivyokubaliana. Yangu, kwa ujuaji wangu, ilihesabu Jumatatu.

Umeshaelewa, dada. Wiki ile mama alipoanza kidonge kipya cha mara moja kwa wiki, simu yake ililia Jumapili, akameza. Jumatatu ikalia yako, uliyoiwekea ratiba yake ili umsaidie, ukampa kingine, naye akapokea bila kuuliza kwa kuwa alikuamini. Alipozidiwa, mimi ndiye niliyesimama sebuleni nikakuita mzembe mbele ya ukoo mzima, hadi ukafunga virago. Hukuwa mzembe. Kosa lilikuwa langu, na naona aibu. Nisamehe.

Bosi nimemweleza, na wagonjwa wote wanapigiwa simu. Mama naye nimemwambia. Alininunia siku nzima, kisha akasema kidonge cha Jumapili kitakaa mezani, na hatakipokea kwa mkono mwingine ila wako. Nimembembeleza, hasikii.

Wasalimie wote hapo ulipo, na uje kabla ya Jumapili.

Ni mimi,
mdogo wako