Chumba cha Muthengi

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na mama. Goti linaendeleaje, na mahindi ya hapo Kianjai yalipata mvua? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo ni mzito, na sikutaka ulisikie jambo hili kwa simu mama akiwa kando.

Uliwahi kuniuliza nafanya kazi gani huku ng'ambo, nikakujibu "kompyuta" ili uniache. Ni hivi. Nyaya zote za hosteli ya wafanyakazi hukutana kwenye mashine iitwayo swichi. Siku hizi swichi hupokea programu, na mimi naijua lugha ya kuiandikia: naandika swali, nayo inajibu huku data ikipita. Ni kama kusimama kando ya barabara pale mjini Maua ukitazama pikapu za miraa. Huwezi kuzisimamisha, unaangalia tu zinavyokwenda.

Juzi meneja aliniamuru niiulize ni vyumba gani vinapiga simu nyumbani kupitia intaneti, jambo ambalo kampuni imelikataza. Watakaopatikana watafutwa kazi. Swichi haisikii maneno, lakini sauti ya mtu husafiri vipande vidogo vidogo, kwa mwendo mmoja, kwenda na kurudi, kwa hiyo hujulikana. Niliandika mistari michache tu, na nisikufiche, niliifurahia.

Jibu la kwanza likawa chumba cha Muthengi, yule Mtharaka niliyekuambia ukoo wao ni gichiaro chetu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba gichiaro ni ndugu wa damu kwa kiapo cha wazee, hadhuriwi wala hadanganywi. Ningeweza kuongeza mstari wa kuruka chumba chake. Lakini vikafuata vya Wanepali, vya Waganda, watu wanaoongea na mama zao kama yeye, nikashindwa kujua nikomee wapi. Nikaifuta programu yote, nikamwambia meneja siiandiki tena. Akasema nirudi kwetu. Atamtafuta mwingine wa kuiandika, najua.

Jana Muthengi alinikuta nikifunga begi.

"Mwenda, si kontrakti yako bado? Ama umepata job poa kuliko hii?"

Kumdanganya siwezi, na ukweli ungemfanya ajilaumu. Nilimwambia tu aache kupiga simu akiwa hosteli, nikaendelea kufunga begi.

Msalimie mama, na shangazi anayeuza ndizi sokoni, na mchungaji aliyeniombea safari. Dada yangu Kendi usimwambie lolote. Karo yake ya chuo ilitoka kwenye kazi hii, na hakuna aliyemuuliza kabla sijaiacha. Nitamwambia mwenyewe, nikimtazama machoni.

Mwanao,
Mwenda