Karo Juu ya Kisima

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Nimechota ndoo mbili, nimefagia uwanja, nimeanika kahawa. Kabla sijamaliza, wanawake watano walikuwa kisimani kwangu. Kioski cha maji kule barabarani kinadai hela kwa kila ndoo siku hizi. Ukikosa hela ni mtoni, kilima kizima kushuka na kupanda. Kwangu ni bure. Sichukui hata senti. Jirani yangu Mama Kuniberta ananiita Mama Kisima. Najifanya sipendi.

Mwaka jana wanunuzi binafsi wa kahawa walilipa papo hapo. Wengine walinunua redio. Mimi nilichimbisha kisima, nikajenga na choo cha kumwagia maji, chenye karo la matofali la kupokea maji machafu. Mjane, peke yangu. Niandike tena: peke yangu.

Jumatano, 7 Agosti

Bwana Afya kaja na pikipiki. Mgeni huku, kwao Dodoma. Kijana, lakini ana adabu, shikamoo ilitangulia kabla hajazima pikipiki. Siku hizi visima vya watu binafsi lazima vikaguliwe. Alivuta futi kamba kutoka karo hadi kisima, akasema umbali unatosha na kuzidi. Muhuri. Kibali nimekitundika sebuleni chini ya picha ya Bikira Maria. Anisamehe, nilitamani kukiweka juu.

Jumapili, 11 Agosti

Hasira tupu. Baada ya misa alikuja Osmundi, mdogo wa marehemu mume wangu. Akasimama kando ya karo, mikono nyuma.

"Shemeji, hapa si ndipo zilipokuwa ngolo za baba?"

Ndipo, baba mkwe alilima pale mashimo yake ya mteremkoni. Tulichimba pale kwa sababu udongo ulikuwa laini, fundi kutoka Mpepai alimaliza kwa siku mbili. Osmundi akasema ngolo inakunywa maji na kuyashusha bondeni, na kisima kiko bondeni. Nikamwambia wivu haumpendezi mwanamume. Chai hakuigusa. Chai ya maji yangu!

Jumanne, 13 Agosti

Sisi Wamatengo tunajifunza ngolo kabla ya kusoma. Unalaza nyasi miraba miraba mteremkoni, unazifukia, katikati unaacha shimo. Mvua ikija inatua mle, haikimbii na udongo. Maji yanazama polepole. Ndiyo kazi yake, na nimeifanya tangu nikiwa mtoto.

Mbona sikuliona? Kwa sababu kwangu ngolo ni mahindi na maharage. Choo ni choo. Bwana Afya alipima juu ya ardhi, hawezi kujua kilichoko chini. Mimi nilipaswa kujua.

Hata hivyo Osmundi anakosea. Nitamkomesha.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimenunua nusu gunia la chumvi kwa yule mama anayeleta dagaa wa usipa kutoka ziwani. Akauliza kama nakausha ng'ombe mzima. Nikasema ndiyo.

Kwanza nilichemsha sufuria ya maji ya kisima mpaka yakakauka. Chini ulibaki utando kama ukungu tu. Kisha nikakoroga chumvi yote kwenye pipa, nikaimwaga chooni. Nitachemsha sufuria moja kila siku. Chumvi isipotokea kisimani, Osmundi ataniomba radhi mbele ya jumuiya nzima.

Jumatatu, 19 Agosti

Ukungu tu.

Ijumaa, 23 Agosti

Ukungu tu. Nimemsalimia Osmundi kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Jumatano, 28 Agosti

Ganda jeupe chini ya sufuria. Nimeligusa kwa kidole, nikalamba. Chumvi.

Nikachemsha nyingine. Chumvi.

Nimekaa chini jikoni. Nje wanawake walikuwa wanachota na kucheka. Wiki iliyopita mtoto wa Mama Kuniberta aliharisha, nikampelekea uji. Uji wa maji haya haya.

Hakuna anayejua. Kibali ninacho. Nikinyamaza, nitabaki Mama Kisima mpaka nife. Naona aibu kuandika kwamba niliwaza hivyo, tena si kwa dakika moja.

Alhamisi, 29 Agosti

Nimefunga kisima kwa mbao na mnyororo. Nikawaambia wote, bila kuzunguka: uchafu wa choo changu unashuka kisimani. Kosa ni langu. Maji mliyo nayo mmwage. Yule mtoto apelekwe zahanati.

Mama Kuniberta alimwaga maji yake. Alijitwisha ndoo tupu akaondoka. Bora angenitukana.

Kisha kwa Osmundi. Nikamweleza yote, nikamwomba radhi kwa lile neno la wivu. Aliingia ndani akatoka na sururu.

Jumamosi, 7 Septemba

Choo kipya na karo jipya, upande wa pili wa kilima, maji yake yashukie kwingine. Udongo mgumu kama nini. Mikono imechubuka. Osmundi anachimba upande mmoja, mimi mwingine, na sitaki anizidi. Leo kanizidi kidogo.

Kioskini nimepanga foleni kama kila mtu. Minong'ono. Sikuinamisha kichwa. Mtoto wa Mama Kuniberta amepona, nimeambiwa na mtu mwingine.

Alhamisi, 19 Septemba

Bwana Afya kapita, habari zimemfikia. Nilidhani atanigombeza, kumbe alikaa chini akaniuliza ngolo ni nini hasa. Nikamchukua shambani nikamwonyesha. Aliandika kila neno. Akasema, "Mama, hili hatukufundishwa chuoni." Ameninyang'anya kibali, na ndivyo inavyotakiwa. Kisha akaniomba nifuatane naye kwenye nyumba tatu zenye visima, nimwonyeshe palipokuwa na ngolo za zamani. Tumekuta moja kama yangu. Mwenye nyumba alinuna, nikamwambia nilinuna zaidi yake.

Nimerudi natembea kifua mbele. Acha niandike, ni daftari langu.

Jumapili, 10 Novemba

Karo la zamani tulilikomba, tukalifukia kwa chokaa na udongo. Kisima kimekombwa mara tatu, kikatiwa dawa. Bwana Afya atakuja kuchukua maji ya kupima mvua ikishanyesha. Nasubiri mvua. Mvua ndiyo itakayosema.

Jumatatu, 9 Desemba

Imenyesha wiki mbili mfululizo. Majibu ya vipimo yalikuja Ijumaa: maji safi. Leo asubuhi nimeutoa mnyororo na mbao kabisa, sikumwita mtu.

Mama Kuniberta alikuja peke yake. Alisimama mbali kidogo. Hakuuliza habari za kibali wala vipimo. Aliuliza kama mimi nimeyanywa.

Nikasema tangu Ijumaa, kila siku.

Akafunga ndoo yake kwenye kamba, akaishusha.