Ctibor Havránek, Beki Aliyeinuka Kwenye Benchi

Baba, mwaka umetimia tangu Jumamosi ile ya Juni ulipotoka nyumbani na begi la viatu, na hasira bado haijatutoka. Watu hutarajia familia iandike kwa upole. Tutajaribu.

Ulianza kama mshambuliaji wa timu ya kijiji, hapa hapa Moravia, mashariki mwa Ucheki. Beki mmoja akaugua, kocha akakurudisha nyuma kwa mechi moja tu. Mechi hiyo moja ikawa maisha yako yote ya soka. Mbio hukuwa nazo, ila ulijua mpira utaangukia wapi kabla ya yule aliyeupiga. Mshambuliaji mmoja kutoka Praha alikuuliza, "Mzee, leo unakimbia au unatembea?" Ukamjibu, "Natembea. Wewe ndiye utakayekimbia kuufuata mpira jukwaani."

Timu ya taifa ilikuita mara moja, ukakaa benchi mpaka filimbi ya mwisho. Jezi ile Mama hakuwahi kuifua, kwa kuwa haikupata jasho.

Kisha klabu ya Ujerumani ikakutaka. Viongozi wa klabu yako wakakuomba umalizie msimu kwanza, timu isishuke daraja. Mama alikukataza. Ukawakubalia wao. Mwezi Machi, kwenye uwanja ulioganda kama sakafu ya saruji, goti likachanika. Wajerumani hawakupiga simu tena, na timu ikashuka vilevile. Ulijifunza upya kupanda ngazi za nyumba yetu huku umeshika ukuta, halafu ukarudi kuwachezea walewale. Tulipokulaumu ulituuliza, wote wakienda mbele, nyuma atabaki nani? Swali hilo lilituudhi zaidi.

Ulipostaafu ulitengeneza majiko ya kupasha nyumba joto, mara nyingi kwa malipo ya supu ya kabichi. Jumapili ulikwenda msituni kuokota uyoga. Ule mzuri ulimwachia jirani yetu Květuše, mjane, sisi ukatuletea wenye mabuu. Tulilalamika, nawe ukakaa mezani ukaukata polepole, ukicheka peke yako.

Daktari aliposema moyo umechoka na mpira basi, uliitikia kwa kichwa kama mtoto anayesikiliza hotuba. Jumamosi ile kulikuwa na mechi ya maveterani dhidi ya kijiji cha jirani, nawe ulimwahidi Mama kwamba utakaa tu benchi, uwapigie kelele wenzako. Kipindi cha pili beki wenu akateguka kifundo cha mguu. Ukainuka.

Mama alikuwa kwenye uzio. "Ctibor, umeniahidi kukaa."

"Nimekaa, Milada. Sasa nimechoka kukaa."

Uliokoa mpira mmoja kwenye mstari wa goli. Ukainama, mikono magotini, wenzako wakadhani unavuta pumzi. Wakaendelea kucheza, Baba. Mpira ulikuwa upande wa pili walipogundua kwamba umeanguka.

Tangu siku hiyo kila tunayekutana naye hutuambia kwamba ulikufa jinsi ulivyotaka. Kwenye chakula cha mazishi nahodha wako wa zamani, Oldřich, alisimama na glasi yake ya pombe ya plamu akasema hivyohivyo, machozi yakimtoka. Mama hakupandisha sauti.

"Oldřich, mume wangu alitaka kumpeleka binti yake kanisani mwezi wa tisa. Suti yake imetundikwa kabatini. Kaa chini."

Akakaa. Septemba binti yako Zdislava alifunga ndoa. Baba mdogo Přemysl alijitolea kumshika mkono, naye akakataa kwa heshima. Alipita katikati ya kanisa peke yake, polepole, na upande wake wa kushoto aliacha nafasi ya mtu mmoja.

Unakumbukwa na mkeo Milada, binti zako Zdislava na Radka, mkweo Hynek, na mdogo wako Přemysl. Tutakukumbuka siku zote, hata siku tutakapokuwa tumekusamehe.