Zima Chumba cha Mama

Naryn, 9 Januari

Mwanangu Begayim,

Salamu kutoka nyumbani. Mimi mzima, ni magoti tu. Mama yako kifua bado kinambana, ila jana alikunywa mchuzi wa kondoo akapata na nguvu za kunisema.

Huo mtambo wako wa joto unafanya kazi mno. Nimechunga farasi kwenye barafu nusu ya maisha yangu, leo nalala kifua wazi. Jana nilibonyeza kitufe nipunguze, kikakataa. Jirani akacheka, eti mimi Tologon nyumba yangu inaendeshwa kutoka Moscow. Nifungulie vitufe, mama. Bili itatumaliza.

Baba yako

Moscow, 10 Januari

Shikamoo Baba,

Mimi salama, nimechoka tu. Jikoni hotelini wamepunguza watu, kazi hawakuipunguza.

Vitufe nilivifunga kwa sababu nakujua. Mwaka jana ulizima joto, Mama akalazwa. Sasa nikipata mapumziko nafungua ukurasa wa nyumba yetu mtandaoni, naona kila chumba na joto lake, narekebisha mwenyewe. Cha Mama ni nyuzi ishirini na nne na hakishuki. Siwezi kumpikia wala kumkanda mgongo. Hili ndilo pekee ninaloweza kumfanyia, usininyang'anye.

Chako nimepunguza. Vaa shati.

Binti yako

Naryn, 21 Januari

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tupo. Zima joto chumba cha mama yako. Zima kabisa.

Baba yako

Moscow, 21 Januari

Shikamoo Baba,

"Sisi tupo" ndiyo salamu gani? Mama anaendeleaje? Nampigia hapokei, nawe hupokei, unaniandikia tu kwenye simu. Kama ni bili, nalipa mimi. Sizimi.

Binti yako

Naryn, 21 Januari, jioni

Mwanangu,

Si bili. Sijawahi kukuomba kitu maishani. Leo nakuomba, zima.

Baba yako

Moscow, 22 Januari

Baba,

Naona chumba cha Mama kinapoa. Umemfungulia dirisha mgonjwa wa kifua? Nimepandisha hadi thelathini. Ukifungua tena, nitapandisha tena. Nimechoka kugombana na wewe. Mwambie Mama apokee simu.

Binti yako

Moscow, 22 Januari, jioni

Baba yangu,

Mzee Shergazy, mkubwa wa watu wetu hapa Moscow, alikuja bwenini na wanawake wawili wa kwetu. Alipovua kofia mlangoni nikajua, maana hawaji watu watatu kunywa chai tu. Akaniulizia kazi, akaniulizia theluji, akazunguka weee. Mwisho akasema, "Mwanangu, hata mlima una mwisho wake. Mama yako ametangulia." Wale wanawake wakanishika.

Anasema ulimpigia jana asubuhi akiwa safarini, ukamsihi afike kabla sijasikia kwingine. Na mimi nikakusimanga kwa bili.

Nimempashia maiti joto, Baba. Mama yangu mwenyewe. Nisamehe. Nimezima, nimekaa natazama namba inashuka, na siigusi. Ndege ni alfajiri. Msimzike kabla sijafika.

Binti yako

Naryn, 23 Januari, alfajiri

Mwanangu,

Pole, mama. Pole sana. Chumba kimepoa. Hakuharibika, usijitese. Wajomba zako walikuwa wakichota theluji kwa mabeseni, wanaiweka kando yake kwa zamu. Swichi kuu hatukuthubutu kuigusa, mabomba yangeganda na nyumba imejaa waombolezaji. Hema la sufu, la kumlaza marehemu kwa desturi yetu, upepo ulikuwa unaling'oa kila tukilisimamisha. Leo umetulia, limesimama uani, tunamhamishia humo. Tunakungoja.

Mtoto aliye mbali haandikiwi habari ya kifo. Afadhali ugombane na mimi siku mbili kuliko uisome peke yako, umesimama kwenye masufuria ya watu. Ukishuka garini anza kulia tangu barabarani, kama ilivyo desturi, tukusikie na tukupokee.

Halafu, kabla hujapanda ndege, nipandishie chumba changu. Jana niliona baridi.

Baba yako