Kichwa Kinachoegeshwa Kila Sekunde Nane

Jumatatu, 3 Machi 2025

Baba amesikia kabla yangu. Nilikuwa nakata picha za pasipoti, yeye kwenye kiti chake kando ya kompyuta, akauliza ni nani anayeng'ata kalamu. Hakuna aliyeng'ata kitu. Nikazima feni, nikainama. Tk. Kimya. Tk. Tangu macho yamwache, masikio ya mzee huyu hayana mshindani.

Ni diski ya nje — ile yenye picha zote za studio. Nikafungua programu ya kupima afya yake. Kichwa cha kusomea kimeegeshwa mara 287,412! Mtengenezaji anaahidi laki tatu. Zaidi ya hapo, jitegemee.

Sababu nimeipata kabla chai haijapoa. Tulipoinunua Septemba, shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ndiye aliyekuja kuiunganisha. Hapendi kelele, hapendi balbu inayowaka chumbani bila mtu. Akaweka mpangilio wa kubana umeme hadi mwisho kabisa. Kwa hiyo diski ikikosa kazi sekunde nane tu, kichwa kinarudi pembeni kulala. Kompyuta ikiuliza swali dogo, kinaamka tena. Nimepiga hesabu: kama mara elfu mbili kwa siku ya kazi. Zimebaki siku sita hivi. Diski ina umri wa miezi sita na magoti ya bibi kizee.

Sina wasiwasi. Mpangilio uliowekwa na mtu, mtu huuondoa.

Jumanne, 4 Machi

Nimeuondoa. Amri moja, mstari mmoja. Nimekaa nikiangalia ile namba kama anayechunga maziwa jikoni. Nusu saa, haijasogea. Safi.

Nikampigia shemeji. Alisema alikuwa anaihurumia diski, isichakae kwa kuzunguka bure. Nia njema. Nikamweleza kuwa kuzunguka si taabu yake, taabu ni kulala na kuamka. Akasema basi nimfundishe siku moja. Nitamfundisha, na nitafurahi mno.

Jumatano, 5 Machi

Nimerudi kutoka kupeleka picha za shule, nimekuta diski imechomolewa. Baridi kabisa. Baba amekaa kama mlinzi wa benki. Alisikia inavuma asubuhi nzima bila kutulia, akaona tunaiua.

"Kila kinachofanya kazi kinapumzika," akasema. "Hata punda."

Nikamuuliza punda akiambiwa lala, amka, lala, amka, mara elfu mbili tangu asubuhi hadi jioni, atamshukuru nani. Akacheka. Lakini hakurudisha waya.

Nikaurudisha mimi — na hapo nikapata funzo. Tk. Tk. Imesahau! Kila ikikosa umeme inarudi kwenye tabia yake ya zamani. Jana nilijipongeza mapema. Nimeandika kiprogramu kidogo kinachotoa amri hiyo upya kila kompyuta inapowaka na kila diski inapochomekwa. Nimejaribu mara mbili. Inakubali.

Halafu nikashika kasha lake. Moto. Nyuzi hamsini na tatu. Imebanwa kati ya printa na ukuta, haivuti hewa, na sasa hailali hata kidogo. Mzee alikuwa na neno.

Tumekubaliana wakati wa chakula cha mchana, kama mabalozi wawili: kuegesha kila sekunde nane, marufuku. Ikikaa saa nzima bila kazi, ilale kabisa, kwa heshima zake zote. Nami nimeihamishia juu ya rafu, penye upepo. Jioni nyuzi thelathini na nane. Baba ameigusa kwa kiganja, akaridhika. Hakusema alikuwa sahihi. Alisema tu, "Haya."

Alhamisi, 6 Machi

Leo kurasa zangu hazina majivuno.

Mambo yakiwa yametulia, nilitaka kuongeza picha mpya kwenye nakala ya akiba, ile diski ndogo iliyoko kwa mdogo wangu. Nikaifuata. Nikaifungua mezani kwake. Inaishia boksi la 30 la filamu za zamani za Baba.

Maboksi ni 46.

Yale kumi na sita ya mwisho Baba aliyaskani mwenyewe, filamu moja moja, lenzi ya kukuzia jichoni, mwaka ule macho yalipokuwa yanafunga. Alikuwa akishindana nayo. Filamu zenyewe zilipata maji paa lilipovuja, zikagandana kama kurasa zilizomwagiwa uji. Tulizitupa, kwa sababu "zipo kwenye kompyuta." Maneno hayo niliyasema mimi.

Kwa hiyo zipo mahali pamoja tu. Kwenye ile rafu.

Sijamwambia. Kesho nanunua diski mpya.

Ijumaa, 7 Machi

Imenunuliwa. Nimeipima mchana kutwa, haina doa. Ile ya zamani nimeiacha imelala, siigusi mpaka kesho.

Nimemwambia Baba. Hakunilaumu. Aliuliza tu boksi la 30 linaishia na nini, kisha akayataja yaliyofuata mwenyewe, moja baada ya jingine, bila kukosea hata moja.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika hapahapa kaunta, maana mikono inataka kazi.

Nimeanza kunakili saa mbili asubuhi. Kwa mpangilio, boksi la 31 kwenda mbele, taratibu, hakuna kuruka. Kichwa kipite njia moja tu, kisirushwe huku na huko. Namba ya kuegesha: 290,118. Imesimama hapo tangu nianze. Joto thelathini na tisa. Kwa upande wa mipangilio, nimefanya kila linalowezekana na nimelifanya vizuri. Hilo naliandika bila aibu.

Saa nne ameingia mwanamume mmoja, fundi makufuli, mikono bado ina grisi. Mama yake alifariki siku ya kumzaa. Mama yake mdogo amemwambia juzi kuwa huyo marehemu dada yake aliwahi kupigwa picha hapa, moja tu maishani. Mwaka sabini na tisa. Anauliza kama kuna uwezekano.

Nilikuwa nafungua mdomo. Baba akatangulia.

"Gauni la drafti," akasema. "Ameshika mgongo wa kiti. Nilimwambia akae, akakataa. Alisema akikaa, nani atamwinua." Kisha akanigeukia mimi. "Boksi la 41."

Tulikuwa la 38. Nimemweleza mgeni kwamba zinanakiliwa, sitaki kuisimamisha katikati wala kuirusha mbele. Asubiri, ikifika nitamwonyesha. Akasema ameshasubiri miaka arobaini na tano.

Boksi la 39 limepita vizuri. La 40 limeanza kwenda kwa kusuasua. Filamu ya tisa imechukua dakika tatu nzima. Ya kumi dakika tano. Imepita. Nimeangalia joto, nimeangalia namba, vyote viko sawa — kwa hiyo ni sahani zenyewe zinazozunguka ndani ya diski, na kwa sahani sina amri ya kutoa.

Mgeni amesimama kaunta muda wote. Amemuuliza Baba kama anakumbuka sura. Baba akafikiri kidogo, akasema sura atakuja kuiona mwenyewe, yeye asije akamkosea.

"Ila jambo moja nakwambia. Na wewe umo. Miezi minane hivi, au karibu na tisa. Ndiyo maana alikataa kukaa."

Mgeni amevua kofia. Amevuta kile kiti cha wateja, amekaa karibu na Baba, magoti yao yanakaribia kugusana.

Boksi la 40 limekwisha. La 41, filamu thelathini na sita. Ya kwanza imepita. Ya pili imepita. Ya tatu —