Kafi langu liko nyuma ya mlango

Jumatano. Butembo imeamka na ukungu, na shuka zetu za arusi hazijakauka kwenye kamba tangu jana.

Nimeolewa miezi minne, na bado nikiandika "mume wangu" natabasamu peke yangu. Hata leo nimetabasamu. Kisha nikalia.

Paluku wangu alizaliwa Kyavinyonge, kando ya Ziwa Edward. Baada ya arusi alinifundisha kupiga kafi. Kila Jumamosi tuliteremka kwa pikipiki hadi ziwani, tukaingia katika mtumbwi wa kuvushia watu aliouacha baba yake. Hatukuvua, hatukubeba mzigo. Tulikwenda tu hadi penye maji mapana, tukarudi. Mimi mbele, yeye nyuma akiongoza. Sikumwona, lakini nilisikia kafi lake likiingia majini pamoja na langu. Sijui furaha kubwa kuliko ile.

Wavuvi walitucheka. "Madame, unachoka bure, hata samaki moya hapana?"

Paluku akawajibu, "Samaki yangu ni ule anaikala pale mbele."

Kule mwanamke hapandi mtumbwi wa nyavu. Wanasema samaki watakimbia. Wetu haukuwahi kubeba wavu. Ndiyo sababu Jumamosi iliyopita, risasi ziliposikika juu ya kijiji, wavuvi wale wale walitukimbilia. "Paluku, yako hapana ya nyavu. Pakiza bamama, uvuke nabo Uganda."

Mama mmoja alisimama majini hadi magotini na mtoto mchanga mgongoni. Nikampa nafasi yangu. "Panda camion, Masika," Paluku aliniambia, akinionyesha lori lililokuwa likijaza watu. "Nitakuya." Sikumkumbatia. Nilidhani kuna la haraka kuliko hilo.

Tangu siku ya kwanza alinifundisha: kafi halibaki mtumbwini, kwa sababu ya wezi. Ukishuka, unashuka nalo.

Nikashuka nalo.

Niligundua ndani ya lori, tukipanda mlima. Nilikuwa nimelikumbatia kifuani, na watu walinisogelea kwa shida kwa sababu ya urefu wake. Yeye alikuwa majini na kafi moja, mtumbwi umejaa, na upepo wa mchana umeanza.

Leo muuza samaki aliyetoka ng'ambo ya ziwa amefika sokoni hapa mtaani kwetu, Bulengera. Anasema mitumbwi mingi ilifika. Wetu hakuuona. "Lakini ziwa ni kubwa, dada," akasema, akaendelea kupanga samaki wake bila kuniangalia.

Mama mkwe, tunayeishi naye, anajifariji. Anasema mtumbwi ule una makafi mawili, kwa hiyo mwanawe hakukosa wa kumsaidia. Siku nne ananiambia hivyo, na siku nne naitikia.

Kesho asubuhi nitalitoa nyuma ya mlango, niliweke mbele yake, nimwambie. Anichukie akitaka. Halafu nitateremka nalo hadi ziwani, nikae ukingoni pale tulipoachana.

Akirudi, mbele yake pasiwe patupu.