Kitambaa Juu ya Kompyuta ya Skimu

Zaituni, natoka ofisi ya skimu ya maji Ndungu. Nina hasira.

Kompyuta imestaki tena, imeganda kabisa, katikati ya orodha ya zamu za maji. Mwenyekiti, Mzee Eliakimu, kaniambia mbele ya wakulima, "Linux yako ndiyo inakausha mpunga wetu." Mbele ya wakulima wote, Zai.

Wiki mbili nabadilisha desktop ya hiyo Linux, mfumo niliowawekea mimi, nasoma logi, rekodi za makosa. Nikiipeleka nyumbani inapiga kazi siku nzima.

Leo nimeshika CPU, lile boksi lake, ya moto kama jiko. Imefunikwa kitambaa cha kufuma mpaka kwenye feni ya kuipoza. Mke wa Mzee Eliakimu ndiye kakileta, eti kuzuia vumbi.

Nimekitoa. Haikustaki tena, orodha ikaisha yote.

Mzee akaniambia, "Sasa kirudishe, mama asijisikie vibaya."

Nimekirudisha, Zai. Na nikakinyoosha.